Saratani inaposambaa: Mimea ina dawa, lakini dawa ina kipimo

NENO saratani limetufikia kutoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye miguu mingi. Matabibu wa kale, Wayunani kabla ya Waarabu, waliuita ugonjwa huu kwa jina hilo kwa kuwa waliona uvimbe umezungukwa na mishipa iliyotawanyika kila upande mfano wa miguu ya kaa. Jina hilo limebeba hekima. Mara nyingi kinachoua katika saratani si ule uvimbe wa kwanza ulioonekana kwenye titi, shingo ya kizazi au tezi dume. Kinachoua ni miguu yake, yaani kule kusambaa kwake hadi katika mifupa, mapafu, ini na ubongo.

Tumeona ni vyema kuiandikia familia ya Kiislamu juu ya jambo hili kwa sababu zipo kauli mbili zinazozunguka katika baraza zetu, na zote mbili zinapoteza watu. Ya kwanza inasema kuwa hospitali ina sumu tu, na kwamba tiba ya kweli ya saratani imo katika mimea, ila wakubwa wameificha. Ya pili inasema kuwa dawa za mimea ni ushamba usio na lolote. Anayesema ya kwanza humtoa mgonjwa wodini. Anayesema ya pili humfanya mgonjwa aifiche chupa yake chini ya kitanda asimwambie daktari. Ukweli uko kwingine, nao si mgumu kuueleza.

Mbegu na udongo

Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa Kiingereza, Stephen Paget, alizipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi. Alitaka kujua kwa nini ugonjwa ulipohama haukwenda popote ovyo, bali ulipenda viungo fulani zaidi ya vingine, hususan ini na mifupa. Jibu lake lilikuwa mfano ambao mkulima yeyote ataufahamu: seli za saratani ni mbegu. Mbegu hupeperushwa kila upande, lakini huota pale tu zinapokuta udongo unaozifaa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mfano huo bado unatumika katika vyuo vya utabibu.

Safari ya mbegu hiyo ina vituo. Seli ya saratani ndani ya titi imezuiwa na utando mwembamba unaoitenga na nyama ya jirani. Ili isafiri, kwanza hulegeza mshikamano wake na wenzake. Kisha hutoa vimeng'enya vinavyoumeng'enya utando ule. Huingia katika mshipa wa damu au wa limfu, ikaelea humo huku ikikwepa askari wa kinga ya mwili. Hatimaye hutoka katika mshipa mahali pengine, na pakiifaa, hujenga makazi mapya na kuchochea mishipa mipya ya damu iote ili iilishe. Seli nyingi mno hufa njiani. Chache zinazofika ndizo zinazoleta msiba.

Jambo moja familia ilishike hapa: saratani ya titi iliyohamia kwenye ini haijawa saratani ya ini. Ingali saratani ya titi, na hutibiwa kama saratani ya titi. Ndiyo maana daktari huhitaji kukata kipande cha uvimbe na kukipima maabara kabla ya kutoa dawa yoyote. Kila kituo katika safari ile ni mlango, na watafiti wanatafuta dawa ya kuufunga kila mmoja wake. Katika kutafuta huko, wengi wao wameelekea kwenye mimea.

Mimea iliyokwisha kuingia hospitalini

Wapo wasiojua kwamba dawa kadhaa zinazodungwa wagonjwa wa saratani zilitoka katika majani na magome. Tuanze na ua dogo la waridi au jeupe linalopandwa katika bustani nyingi za pwani yetu, ambalo asili yake ni Madagaska. Wataalamu huliita Catharanthus roseus. Katika miaka ya 1950 majani yake yalipelekwa Kanada kutoka Jamaica, ambako watu waliyachemsha wakayanywa kama chai ya kisukari. Robert Noble na Charles Beer wa Chuo Kikuu cha Western Ontario waliyajaribu kwa panya. Walipowanywesha, sukari haikushuka. Walipowadunga, panya walidhoofika wakafa, na ikaonekana kuwa chembe zao nyeupe za damu zilikuwa zimepungua mno.

Mwenye pupa angesema dawa imeshindikana. Wao walijiuliza: kitu kinachopunguza chembe nyeupe, je, hakiwezi kumfaa mwenye saratani ya damu, ambaye chembe zake hizo zimezidi? Mwaka 1958 walitangaza kiambata walichokitenga, ambacho leo huitwa vinblastini. Muda mfupi baadaye kikapatikana ndugu yake, vinkristini, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1963. Mwaka huohuo wa 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Afrika, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Miongoni mwa dawa zinazowatibu watoto hao hadi leo, katika hospitali za Afrika Mashariki, ni vinkristini ile iliyotoka katika ua la bustani.

Sasa tuzingatie kipimo. Majani ya ua hilo yana viambata zaidi ya 70 vya jamii hiyo, na huhitajika mamia ya kilo ya majani makavu kupata gramu moja tu ya dawa. Dozi moja ya vinkristini kwa mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2, kiasi kidogo mno. Ikidungwa katika mshipa wa damu kwa kipimo hicho, huponya. Ikidungwa kwa makosa katika uti wa mgongo, huua. Kitu kilekile, mmea uleule. Tofauti ni kipimo na mahali.

Mfano wa pili ni wa mti wa Taxus brevifolia unaoota upande wa Pasifiki wa Marekani. Gome lake lilikusanywa kwa ajili ya utafiti mwaka 1962. Mwaka 1971 Monroe Wall na Mansukh Wani walieleza umbile la kiambata chake, paklitakseli. Mwaka 1979 Susan Horwitz akagundua namna kinavyofanya kazi: hukaza mirija midogo iliyo ndani ya seli, ambayo seli huitegemea inapojigawa, ikashindwa kuendelea. Ruhusa ya kutibu saratani ya mfuko wa mayai ilitoka mwaka 1992, na ya saratani ya titi iliyosambaa mwaka 1994. Kutoka gome hadi kitanda cha mgonjwa ni miaka 30.

Wall na Wani hao ndio waliotenga pia kamptotesini kutoka katika mti wa Kichina, mwaka 1966. Kilipojaribiwa kwa wagonjwa katika hali yake ya asili, madhara yake yalikuwa makubwa hata majaribio yakasimamishwa. Wataalamu hawakuutupa mti. Walirekebisha kiambata chake, na mwaka 1996 zikapatikana dawa mbili salama zaidi, mojawapo ikiwa irinotekani, inayotumika kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Basi anayedai kuwa hospitali imeificha mimea, na aende akaulize kilichomo katika dripu.

Mimea ambayo ingali inachunguzwa

Ama mimea tunayoisikia zaidi majumbani mwetu, yaani habbat sauda, manjano na mstafeli, hiyo bado iko njiani. Kila mojawapo ina kiambata ambacho maabara imekishuhudia kikifanya jambo la kutia moyo.

Timokwinoni ya habbat sauda, iliyotengwa katika mafuta yake mwaka 1963, imezuia seli za saratani zisitembee zilipowekwa katika kisahani cha maabara, na imepunguza vile vimeng'enya vinavyoharibu utando. Kurkumini ya manjano imefanya mfano wa hayo. Hizi ni kazi za kweli za watafiti wa kweli. Lakini kisahani si mwili. Kisahani hakina tumbo la kumeng'enya wala ini la kuvunja dawa, na mtafiti humimina humo kiasi anachotaka.

Manjano ni ushahidi mzuri wa hilo. Mtu akiyala, sehemu ndogo mno ya kurkumini huingia katika damu, na ini huiondoa haraka. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti kutoka Armenia uliowahusisha wanawake 150 wenye saratani ya titi iliyosambaa. Wote walipewa paklitakseli; nusu yao wakaongezewa kurkumini, wengine wakapewa dripu isiyo na dawa. Uvimbe ulipungua kwa asilimia 51 ya wale wa kwanza, na kwa asilimia 33 ya wale wengine. Hii ni habari njema inayostahiki kufuatiliwa kwa tafiti kubwa zaidi. Lakini tutazame ilivyotolewa: kurkumini iliingizwa mshipani kwa dripu, kwa kipimo, juu ya dawa ya hospitali na si badala yake. Kijiko cha manjano katika maziwa ya moto ni chakula kizuri. Hakikujaribiwa katika utafiti ule.

Kuhusu habbat sauda, madaktari wa Saudi Arabia walichapisha mwaka 2009 jaribio la kuwapa timokwinoni wagonjwa 21 ambao saratani zao zilikuwa zimeshinda tiba za kawaida. Dawa ilivumilika vizuri. Hata hivyo, hakuna mgonjwa aliyeonekana kupungukiwa na saratani kwa sababu yake. Jaribio lilikuwa dogo na wagonjwa walikuwa mahututi, kwa hiyo halifungi mlango. Lakini anayekuuzia chupa akikuambia kuwa sayansi imethibitisha, hakukuambia kweli.

Upo pia mti wa kusini mwa Afrika, Combretum caffrum, ambao kiambata chake kilitarajiwa kuikatia saratani chakula kwa kuvunja mishipa ya damu inayoilisha. George Pettit na wenzake huko Arizona walikitenga katika miaka ya 1980. Kilifanya kazi kwa panya, kikapita majaribio ya awali kwa watu. Katika jaribio kubwa la saratani ya mfuko wa mayai, wagonjwa waliokipata hawakuonekana kunufaika kuliko wenzao, na mwaka 2017 jaribio likasimamishwa. Hivyo ndivyo njia ilivyo. Wanaoingia ni wengi, wanaofika ni wachache, na hakuna anayejua mapema nani atafika. Ndiyo sababu hupimwa.

Hadithi ya habbat sauda

Hapa lazima tuseme neno, kwa kuwa wapo wanaodhani kuwa kuuliza juu ya habbat sauda ni kuikadhibisha Hadithi. Hadithi inayoeleza kuwa ndani yake mna shifaa ya kila maradhi isipokuwa mauti imepokewa na Bukhari na Muslim, nayo ni sahihi. Hatuna shaka nayo. Swali ni namna wanachuoni walivyoifahamu. Imam al-Khattabi aliona kuwa tamko lake ni la jumla ambalo makusudio yake ni mahususi, yaani maradhi yale ambayo tabia ya mbegu hiyo inayakabili. Ibn Hajar al-Asqalani, katika Fath al-Bari, ameyanukuu maelezo hayo, na akaonesha kuwa matumizi yake hutofautiana kwa maradhi: huweza kutumika peke yake au kuchanganywa na kingine, kusagwa au kuachwa nzima.

Aidha, katika Sahih Muslim imo Hadithi ya Jabir inayofundisha kuwa kila maradhi yana dawa, na kwamba kupona huja pale dawa inaposibu maradhi, kwa idhini ya Allah (SW). Kusibu ndiko kunakotafutwa katika maabara na majaribio: dawa ipi, kwa ugonjwa upi, kwa kiasi gani. Kwa hiyo mtafiti anayeipima timokwinoni kwa uaminifu haipingi Sunna, na mgonjwa anayekwenda hospitali hakupungukiwa na tawakkul. Kutafuta sababu ni sehemu ya tawakkul.

Ibn Sina naye, aliyefariki mwaka 1037 na ambaye aliandika kurasa nyingi juu ya mimea, hakumwambia mwenye saratani anywe majani akasubiri. Alielekeza kuwa ikiwa ingali ndogo, ikatwe mapema, na ikatwe yote pamoja na kinachoizunguka. Alijua ugonjwa huu hausubiri.

Gharama ya kuchelewa

Kamati za misikiti hupokea maombi ya mchango wa matibabu karibu kila Ijumaa, nasi tumejifunza kuyasoma makaratasi yanayoambatana nayo. Tunamkumbuka mama mmoja wa mtaa wetu, mwenye watoto wanne. Uvimbe wa titi aliugundua ukiwa mdogo kama punje ya kunde. Haukumuuma, na aliyemuuzia dawa alimwambia kuwa usiouma hauna neno. Alikunywa mafuta na majani ya kuchemsha kwa miezi minane, na fedha zilizomtoka zilitosha nauli na vipimo vya mwanzo. Maombi yake yalipotufikia, maumivu yalikuwa ya uti wa mgongo. Mchango ulipatikana. Miezi minane haikupatikana.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 281 ambao saratani zao zilikuwa hazijasambaa, na ambao walichagua tiba mbadala peke yake. Walipolinganishwa na wenzao waliotibiwa hospitalini, hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu. Kwa saratani ya titi ilizidi mara tano. Tunaomba takwimu hiyo isomwe kwa makini. Haisemi kuwa mimea iliwaua. Inasema kuwa muda uliopita ndio ulioipa mbegu nafasi ya kupata udongo.

Mimea nayo haikosi madhara. Majani na matunda ya mstafeli yana kiambata kinachoitwa anonasini, chenye nguvu ya kuua seli maabara. Lakini katika kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibi, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwahusisha wanaotumia sana matunda na chai ya mimea ya jamii hiyo na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa viungo. Tunda moja mezani si tatizo. Chai ya majani asubuhi na jioni kwa miezi ni jambo jingine. Kuna pia mgongano wa dawa. Mmea mmoja wa Ulaya unaonywewa kuondoa huzuni ulipotumiwa pamoja na irinotekani, kiasi cha dawa yenye nguvu katika damu kilishuka kwa asilimia 42. Mgonjwa alikuwa akidungwa dozi kamili huku mwili ukipata zaidi kidogo ya nusu. Pilipili manga na balungi navyo hubadilisha namna ini linavyoshughulikia baadhi ya dawa.

Pamoja na hayo, hatuwalaumu wanaokimbilia mimea. Mwaka 2011 maelfu ya watu walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500, na wapo waliotolewa wodini wapelekwe huko. Watu hawakwenda kwa ujinga tu. Hospitali iko mbali, vipimo ni ghali, dawa wakati mwingine hazipo, na mgonjwa hupewa majibu kwa maneno asiyoyaelewa. Muuza dawa za asili humkaribisha, humketisha, humsikiliza, humpa matumaini. Ukarimu huo ni mzuri. Ubaya ni kumuuzia mtu uhakika ambao hakuna aliye nao.

Familia ifanye nini?

Kwanza, dalili isisubiri maumivu. Uvimbe wa titi, damu ya ukeni isiyo ya kawaida, hasa kwa aliyekwisha kukoma hedhi, kidonda kisichopona, kikohozi chenye damu, na kukonda bila sababu, vyote vipelekwe hospitali ndani ya siku chache, si miezi.

Pili, kila kinachonywewa kitajwe kwa daktari: habbat sauda, manjano, mizizi, hata chai. Beba chupa yenyewe. Daktari akikasirika, mwambie kwa adabu kuwa umekuja kwa ajili ya usalama wa mgonjwa wako. Wengi watakushukuru.

Tatu, mimea isichukue nafasi ya upasuaji, mionzi au tibakemikali. Kama mgonjwa anataka kuendelea na habbat sauda katika chakula chake, aulizie kama haigongani na dawa zake, na siku za kuiacha.

Nne, anayeuza dawa aulizwe maswali matatu: Imejaribiwa kwa watu wangapi wenye saratani hii? Kipimo chake ni kiasi gani? Nani amekisajili kituo chako? Hapa Tanzania tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina taasisi inayotafiti dawa za asili. Mganga mkweli hatachukizwa na maswali hayo.

Tano, saratani ikiwa imekwisha kusambaa, msikate tamaa wala msimfiche mgonjwa nyumbani. Zipo saratani zilizosambaa ambazo hudhibitiwa kwa miaka. Na hata pale isipowezekana kuponya, Taasisi ya Saratani Ocean Road na hospitali nyingine hutoa tiba ya kupunguza maumivu. Mofini, ambayo nayo ilitoka katika mmea wa afyuni, hutolewa kwa kipimo chini ya uangalizi wa daktari, na matumizi yake kwa mwenye maumivu makali hayana uhusiano na ulevi. Hakuna thawabu katika kumwacha mzazi alie usiku kucha ilhali dawa ipo.

Nasi viongozi wa misikiti tuna la kufanya. Sanduku la wagonjwa likifunguliwa kwa ajili ya nauli na vipimo vya mwanzo, badala ya kungoja maombi ya mchango mgonjwa anapokuwa hoi, fedha kidogo zitaokoa watu wengi. Wanawake wakihimizana baada ya darsa kwenda kupima titi na shingo ya kizazi, watakuwa wameizuia mbegu kabla haijapeperuka.

Allah (SW) ameweka manufaa katika mimea, na amewapa baadhi ya waja wake subira ya kuyatafuta kwa miaka 30 katika gome moja. Tumuombe awaponye wagonjwa wetu, awape watafiti tawfiki, na atujaalie busara ya kuwahi.

Wabillahi tawfiq.